Umeme nao hushukia Nyakanazi

Ukilitaja neno "mwekezaji" pale kijiweni kwetu, washikaji wote wanamwona kichwani Mzungu mwenye kaptula na mkoba wa ngozi, au kigogo mwenye kitambi anayeteremka kwenye Land Cruiser huku simu mbili zinalia kwa mpigo. Hakuna anayemfikiria dada wa miaka 26 aliyejifunga kanga kiunoni, anayekaa chini ya mwavuli akiwawekea na kuwatolea watu pesa za simu. Yeye na wenzake kumi na mmoja wana shilingi milioni nne za kikundi, na usingizi hawapati kwa kutojua waziweke wapi.

Dada huyo ni binamu yangu, binti wa mjomba. Anaishi kijijini wilayani Ngara, mkoani Kagera, kona ile ya nchi ambayo ukipiga chafya Warundi na Wanyarwanda wote wanakuitikia. Mjomba ndiye aliyenipigia simu.

"Mjomba," akaniambia (sisi tunaitana hivyo hivyo, yeye kwangu na mimi kwake), "umeme umefika, na hawa mabinti wanataka kununua mashine ya kusaga. Wewe unakaa mjini, hesabu unazijua. Njoo uwaangalizie kabla hawajazamisha hela za watu. Na ukipita Biharamulo, muone rafiki yangu mwenye mashine, yeye kaacha dizeli kaingia kwenye umeme."

Mjomba akisema njoo, unakwenda. Nikaomba ruhusa kazini, nikafunga begi.

SAFARI YA WENYE MAKALIO MAGUMU

Kutoka Dar mpaka Ngara ni zaidi ya kilometa 1,200. Utapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, halafu Runzewe, na hapo mgongo unakuwa umeshasahau kwamba uliwahi kunyooka. Ushauri wa bure: chukua siti ya katikati, beba sweta, na usishindane na konda kuhusu muziki.

Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, anarudi kwake Biharamulo. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, tukaanza stori. Nilipomwambia naenda Ngara kuangalia biashara ya umeme wa Rusumo akacheka mpaka kofia ikamlegea.

"Kijana," akasema, "huo umeme wa Rusumo na wewe mtapishana njiani. Wewe unaufuata Ngara, wenyewe unakuja Nyakanazi!"

Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo hali halisi, na ngoja nikueleze kama alivyonieleza, maana ukiielewa Nyakanazi umeielewa biashara nzima.

Nyakanazi ipo wilaya ya Biharamulo. Ni mji wa makutano: nyuma yako Kahama, kushoto barabara ya Kakonko, Kibondo mpaka Kigoma, mbele Lusahunga, ambako unachagua kwenda Biharamulo na Bukoba au kunyoosha Ngara na Rusumo. Malori ya Kigali na Bujumbura yamepanga foleni, nyama inachomwa, na kila basi lazima lisimame.

Umeme nao husimama hapo. Unazalishwa Rusumo, mpakani kabisa wilayani Ngara, kisha unapandishwa kwenye nguzo kubwa za chuma kwa nguvu ya kilovolti 220 na kukimbia zaidi ya kilometa 90 bila kushuka popote. Unashukia Nyakanazi, kwenye kituo cha kupoza umeme, ambako laini hiyo inakutana na nyingine ya kilometa 144 kutoka Geita. Hapo ndipo unapunguzwa nguvu mpaka kilovolti 33, unapandishwa kwenye nguzo za kawaida na kuanza kutafuta vijiji. Kijijini unapunguzwa tena kwenye transfoma, unabaki volti 230 za kuingia kwenye balbu yako.

"Kwa nini wasiuchomoe hapo hapo kijijini unapopita?" nikauliza.

"Kilovolti 220?" Mzee akanitazama. "Ukitaka kuuchomeka kwenye redio hivyo hivyo, sisi tutaanza kuchanga sanda."

Nikanyamaza.

BIHARAMULO: DIZELI INAVYOKULA MTU

Biharamulo mjini ni mji mtulivu. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mpaka leo limesimama kwa kuta nene kama vile wanategemea kurudi. Mchana jua, jioni upepo mzuri, na samaki wa Ziwa Victoria wanafika wakiwa bado na heshima zao.

Lakini miaka nenda rudi, Biharamulo na Ngara zilikuwa kama visiwa. Gridi ya taifa haikufika. TANESCO ilikuwa inawasha majenereta ya dizeli, na baadaye serikali ya Uholanzi, kupitia mpango wake wa ORIO, ikasaidia mradi wa umeme wa Biharamulo, Ngara na Mpanda, nao ukiwa wa majenereta. Taa ziliwaka, hatukatai. Ila piga hesabu. Jenereta la dizeli hula kati ya robo na theluthi ya lita kutoa uniti moja ya umeme. Tuchukue dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita, kwa hesabu rahisi tu: uniti moja inakula mafuta ya shilingi 750 mpaka 1,000, hujamlipa fundi wala hujanunua filta. Halafu uniti hiyo hiyo inauzwa kwa mteja mdogo shilingi 100, na kwa mwenye duka 292. Biashara gani hiyo? Kila balbu inayowashwa ni hasara, kwa hiyo hakuna anayekimbilia kuongeza wateja.

Hata wakubwa waliumia. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ambao STAMICO iliuchukua mwaka 2013 baada ya Barrick na kuuita STAMIGOLD, uliishi kwa majenereta kwa miaka mingi. Ukichimba dhahabu kwa dizeli, nusu ya akili ipo kwenye mwamba na nusu kwenye lori la mafuta.

Rafiki wa mjomba nilimkuta kwenye mashine yake, mweupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka ndala. Ana mota ya nguvu za farasi 15. Akanifungulia daftari.

"Zamani, mashine ya dizeli, saa moja ya kusaga mfululizo lita tatu zinakwenda. Hiyo ni kama 9,000. Sasa hivi mota hii saa moja inakula kama uniti 12. Zidisha kwa 292."

Nikazidisha: shilingi 3,504, kabla ya kodi. Ukiongeza kodi na tozo bado unabaki chini ya nusu ya dizeli. Na mota haina moshi, haina kelele za kuamsha wafu, haivuji mafuta kwenye unga wa watu.

"Basi ni kununua tu," nikasema.

Akatikisa kichwa, vumbi la unga likaruka. "Muulize binamu yako swali moja tu. Pale kwao kuna njia tatu?"

Swali hilo nililibeba mpaka Ngara kama mzigo wa mtu.

BENACO NA MAKOVU YA KUNI

Kutoka Lusahunga kwenda Ngara unapita Nyakahura, halafu msitu. Upande wa kaskazini yapo mapori ya Burigi na Kimisi, ambayo tangu 2019 yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Wenye umri wanakumbuka enzi za mabasi kusindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Siku hizi abiria wanasinzia midomo wazi.

Mbele yake ni Benaco. Kwa wengi wetu jina hilo lilitoka redioni. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika saa 24 tu. Hebu fikiria Uwanja wa Mkapa ujae mara nne, wote wanapita kwenye daraja moja jembamba kwa miguu, na mikeka na watoto. Ngara iliwapokea. Benaco, jina la kampuni iliyojenga barabara, likawa jina la kambi, na kambi ikawa kubwa kuliko miji mingi ya nchi hii mpaka wakimbizi waliporudishwa mwishoni mwa 1996.

Nakueleza haya kwa sababu watu wale walikula, na chakula hupikwa. Mwanzoni mwa 1996 UNHCR ilikadiria kuwa wakimbizi zaidi ya laki tano wa Kagera walikuwa wanatumia tani 1,200 za kuni kila siku. Kila siku! Vilima vikabaki vipara. Wazee wa Ngara bado wanakuonyesha kwa kidole: "Pale palikuwa na msitu." Kwa hiyo ukija huku na hotuba yako ya nishati ya kisasa, ujue unaongea na watu walioiona nishati ya zamani ikiisha mbele ya macho yao.

RUSUMO: KUTOKA 1977 MPAKA 2023

Rusumo yenyewe, usiombe! Juu kidogo ya maporomoko, mto Ruvubu kutoka Burundi unakutana na maji ya Nyabarongo kutoka Rwanda, na mto Kagera unabanwa kwenye mwamba na kuanguka kama meta 15, urefu wa ghorofa nne au tano. Si marefu, lakini maji ni mengi, mekundu kama chai ya maziwa, na mngurumo unausikia kifuani. Mjerumani von Götzen alivukia hapa kuingia Rwanda mwaka 1894. Daraja la sasa, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilizinduliwa na Marais Magufuli na Kagame tarehe 6 Aprili 2016. Simama, tazama, ila kamera usitoe ovyo ovyo. Hapo ni mpakani na kuna mtambo.

Sasa sikiliza hesabu ya subira. Agosti 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini hapa hapa Rusumo mkataba wa kuunda Shirika la Bonde la Mto Kagera, na moja ya ndoto zake kubwa ilikuwa umeme wa maporomoko haya. Uganda ikajiunga 1981. Mikutano ikakaliwa, michoro ikachorwa, vita vikaja, fedha zikakosekana, na mwaka 2004 shirika likavunjwa bila kuwasha hata kibatari.

Ndoto ikafufuliwa chini ya ushirikiano wa nchi za Bonde la Nile. Nchi tatu zikaunda kampuni ya pamoja, Rusumo Power Company, kila moja na hisa sawa. Agosti 2013 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 340 za kujenga mtambo, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasaidia laini za kusafirisha umeme. Mpango wa awali ulikuwa wa bwawa kubwa zaidi. Likapunguzwa ili mashamba na mabonde mengi yasizamishwe, mtambo ukawa wa kutumia maji yanavyotiririka. Ujenzi ukaanza 2017, na mwaka 2023 mashine zikaanza kutoa umeme: mashine tatu, megawati 80. Gawanya kwa tatu, kila nchi inapata kama megawati 26.7.

Ukilinganisha na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115, utasema Rusumo ni mtoto. Lakini mtoto huyu kazaliwa kwenye kona ambayo gridi ilikuwa haijafika, na kazaliwa na wazazi watatu ambao miaka ya tisini walikuwa wanapokezana wakimbizi. Mimi hiyo naihesabu.

Na mto bado una kazi. Chini yake, mpakani na Uganda, upo mtambo wa Kikagati–Murongo wa megawati 14, uliojengwa na mwekezaji binafsi, umeme wake ukigawanywa nusu kwa nusu kati ya Uganda na Tanzania. Na Kakono, hapa hapa Kagera, kumepangwa mtambo wa megawati 87.8. Mkoa ambao upande wa Bukoba uliishi kwa umeme wa Uganda kwa miaka mingi unageuka kuwa mkoa wa kuzalisha.

Bado sijataja Kabanga. Huko Ngara kuna madini ya nikeli yaliyojulikana tangu miaka ya sabini, na sasa dunia inayatamani kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Kampuni ya Tembo Nickel iliundwa 2021, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Yaani Ngara ina maji ya kuzungusha mashine na ina jiwe la kutengenezea betri. Wakubwa wa dunia wanaijua Ngara kwa kina. Sisi wa Sinza ndio tunaouliza, "Hivi Ngara ni ya Kigoma?"

NGUZO INAPITA JUU YA MIGOMBA

Kwa mjomba nilifika jioni, baridi inauma. Nyumba yao ipo kwenye kilima cha migomba na mibuni, na juu ya migomba hiyo, kwa mbali, unaiona laini kubwa ikikatiza kuelekea Nyakanazi. Usiku inavuma kidogo kama mtu anayeimba na mdomo umefungwa.

Ndani balbu inawaka. Kuunganishiwa umeme kijijini ilikuwa shilingi 27,000, mjomba akalipa bila kusumbua. Chini ya balbu hiyo hiyo mke wa mjomba alikuwa amepiga magoti anapuliza kuni chini ya sufuria la maharage, machozi yanamtiririka kwa moshi. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kupikia kwa nishati safi, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa. Nikamwambia mama kuwa sufuria la presha la umeme huivisha maharage bila kumaliza hata uniti moja.

"Uniti moja shilingi ngapi?"

"Mia moja kwa mtumiaji mdogo, na kodi kidogo."

"Na hilo sufuria shilingi ngapi?"

Hapo nikakohoa. Kuni anaokota, hailipii hela, anailipia kwa mgongo na macho. Sufuria linataka hela mkononi siku moja. Huo ndio ukuta wenyewe, wapenzi: umeme ni wa bei nafuu, kitu cha kuchomeka ndicho ghali.

Kesho yake tukakaa na kikundi, akina mama kumi na wawili, chai ya tangawizi na viazi vitamu. Nikauliza swali la Biharamulo: hapa pana njia tatu?

Kimya. Fundi wa kijiji, kijana mmoja aliyekuwa ameegemea mlango, akajibu yeye. "Barabarani njia tatu zipo. Huku kitongojini tumeletewa njia moja."

Kwa wasiojua: njia moja ni waya mmoja wa moto. Unawasha taa, tivii, friji, pasi, saluni, vyote poa. Lakini mota kubwa ya kusaga inataka nyaya tatu za moto. Ukiiletea njia moja ni sawa na kumfunga ng'ombe wa maksai kwa uzi wa kushonea. Ukitaka njia tatu inabidi laini iongezwe nguzo na nyaya, upimiwe, ulipie, usubiri zamu.

Kasheshe ikaanza. Mmoja akasema basi twende tukapange chumba barabarani. Mwingine akamjibu barabarani mashine zipo mbili tayari, na kodi ya pango itakula faida. Wa tatu, mama mtu mzima ambaye ndiye aliyechangia nyingi, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi hela yangu ni ya mbuzi wawili na kahawa ya mwaka mzima. Ikienda, sina nyingine." Hapo hata kuku waliacha kudonoa.

Nilichofanya ni kuwatolea kalamu. Mota, kinu, chumba, nyaya, fundi: milioni nne inaisha kabla hujasaga debe la kwanza. Tukaandika upande wa pili vitu vinavyoishi kwa njia moja. Saluni: ipo. Vinywaji baridi: Ngara na baridi hii, nani anunue? Kuchomelea: nani ana ujuzi? Binamu yangu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Kaka, vifaranga."

Akaeleza. Vifaranga wanatoka mbali, wanafika njiani wamekufa robo, na kila nyumba inataka kuku. Mashine ya kutotolesha mayai mia mbili na kitu inakula kama uniti tatu kwa siku. Yai la kuku linakaa siku 21 kwenye joto la nyuzi 37.5. Siku 21 mara tatu ni uniti 63. Kwa bei ya 292 ni shilingi 18,396 kabla ya kodi. Mita iwe ya kikundi, isiwe ya nyumbani kwa mtu, maana kwenye ile bei ya mia moja ukivuka uniti 75 kwa mwezi kila ya ziada inakuwa 350, na hapo ndipo ndoa na vikundi vinapovunjika.

"Umeme ukikatika?" mama wa mbuzi akauliza. Swali la hela nyingi.

"Nimeuliza kwa wenye mashine. Unafunika blanketi, unaweka madumu ya maji ya moto pembeni, mayai yanavumilia saa kadhaa. Ile sola yetu ya kulipia kwa simu haiwezi kupasha joto, lakini taa ya kuangalia usiku itatoa."

Wakapiga kura. Milioni moja na nusu iende kwenye mashine ya vifaranga, banda na mayai ya kwanza. Nyingine ibaki benki, na maombi ya njia tatu yapelekwe yakaanze kusubiri zamu. Mashine ya kusaga haijafa, imeambiwa ngoja.

NA WEWE WA MJINI JE?

Najua unachowaza: "Mimi nina vijisenti vyangu, nitapataje kipande cha Rusumo?" Hupati. Mtambo ni wa serikali tatu, na hisa zake haziuzwi kwa mtu. TANESCO nayo haipo Soko la Hisa. Lakini milango midogo ipo. Mwaka 2023 CRDB iliuza hatifungani yake ya Kijani kwa ajili ya miradi ya mazingira, nishati jadidifu ikiwemo: kuanzia shilingi 500,000, riba asilimia 10.25 kwa mwaka, miaka mitano. Walitafuta bilioni 40, watu wakaleta zaidi ya bilioni 171. Kwa hiyo usiniambie Wabongo hawana hela. Hela zipo, zinatafuta karatasi yenye mhuri.

Kama una moyo mgumu zaidi, sheria inakuruhusu kuzalisha umeme mdogo: mtambo chini ya megawati moja hauhitaji leseni ya EWURA, ila unasajiliwa. Lakini usiingie kwa mahaba. Uliza kwanza gridi kubwa ipo umbali gani na inakuja lini, maana ikikufikia na bei yake ya mia moja, wateja wako watakuaga kwa heshima zote.

Ila mimi baada ya wiki moja kule naona hivi. Umeme mkubwa umeshapata wenyewe: una Benki ya Dunia, una marais, una nguzo za chuma. Mapungufu yaliyobaki ni ya kipande cha mwisho, kutoka transfoma ya kijiji mpaka kwenye kitu kinachozunguka na kuingiza hela. Nguzo mbili za ziada, waya wa pili na wa tatu, mota, friji la maziwa, mashine ya vifaranga, sufuria la mama. Hapo hakuna mwekezaji wa kaptula. Yupo dada chini ya mwavuli, na milioni nne za wenzake. Una ndugu kijijini? Kabla hujamtumia hela ya kumalizia chumba cha wageni ambacho utalala siku tatu kwa mwaka, muulize kwao wana njia ngapi.

Jana binamu kaniletea meseji. Kati ya mayai 200 ya kwanza wametoka vifaranga 141, na umeme ulikatika mara mbili, madumu yakafanya kazi. Anataka nimnunulie Kariakoo vyombo vya plastiki vya kunyweshea, kumi na viwili, na nisisahau risiti. Mweka hazina haamini hata ndugu.